Buick Riviera ya 1965 niliyoikuta Flint

Washkaji wamekuwa wakiniuliza sana hii gari yangu, Riviera, niliipataje, ngoja niandike yote leo, maana wengi wanadhani niliiokota kwenye mnada. Hapana. Ilikuwa inauzwa na mzee mmoja pale Flint, Michigan, mji uleule Buick walikozitengenezea, na mimi wakati huo nilikuwa naishi Lansing, kama saa moja hivi ukishika I-69. Tangazo lenyewe lilikuwa na picha chache tena za giza giza ila mwishoni aliandika haijawahi kupigwa rangi upya. Hapo ndo nilisimama. Michigan kila winta wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula bati, gari ya miaka ile ukiikuta inang'aa basi mara nyingi chini ya rangi kuna puti tupu ya kuziba kutu, kwa hiyo mtu akikwambia hii ni rangi ya kiwandani aidha anakudanganya au una kitu adimu sana mbele yako.

Sikwenda peke yangu. Nilimchukua kaka mmoja, fundi bodi, kazi alijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar, kabla hajahamia Marekani, mtu ambaye akigonga mlango kwa kidole anajua kama uliwahi kunyooshwa. Alikuja na sumaku ndogo, maana sumaku inashika bati haishiki puti, kaifunga kwenye kitambaa ili isikwaruze rangi ya watu.

Mzee alifungua gereji na kwa kweli sikuongea kitu kwa muda. Picha zote nilizowahi kuona za hii gari haziitendei haki. Ni ndefu, milango miwili tu, na vioo vya milango havina fremu kwahiyo ukivishusha vyote upande mzima unabaki wazi. Bill Mitchell, bosi wa disaini wa General Motors, ndiye aliyeisimamia na waliitoa kwa mwaka wa 1963, wakasema mwaka huo wa kwanza tutatengeneza 40,000 tu na kweli wakaishia hapohapo. Ila ya 1965 ndo mimi naipenda kuliko zote, kwasababu mwaka huo ndo taa kubwa zilifichwa. Wabunifu walitaka hivyo tangu mwanzo lakini mitambo yake haikuwa tayari. Mzee akawasha taa, vile vifuniko vya pembeni mwa shoo vikafunguka taratibu, kimoja juu kimoja chini, na taa zikatokea ndani zimepangwa moja juu ya nyingine. Vimota vyake vinajulikana kwa kufa, vya huyu mzee vilikuwa vinafanya kazi pande zote mbili kwa pamoja! Fundi wangu akasema tu, "Ebwana eeh."

Halafu akaingia kazini. Sumaku kwenye vizingiti vya chini ya milango, inashika. Nyuma ya matairi, inashika. Akanyanyua kapeti la buti, bati safi, hata vumbi lake lilikuwa kavu. Kwenye bonde la fenda ya kulia kulikuwa na mikwaruzo midogo na rangi imefifia juu ya buti, na hapo niseme wazi msimamo wangu, gari yenye rangi ya kiwandani iliyochoka kidogo ina thamani kwangu kuliko iliyopigwa rangi mpya ya kung'aa, maana rangi mpya utaipata wakati wowote ukiwa na hela lakini ile ya kwanza ukishaikwangua basi tena.

Ndani siti nne kila mtu na yake, na mlangoni kuna vitasa viwili, kimoja cha aliyekaa mbele na kingine nyuma kidogo ili abiria wa nyuma ajifungulie mwenyewe. Yaani kuna mtu alikaa akamfikiria abiria wa nyuma kwenye gari ya milango miwili, nani anafanya hivyo siku hizi?

Kitu kingine kilichonifanya nimwamini mzee ni boneti. Kuna Riviera za Gran Sport za mwaka huo zenye injini ya inchi za ujazo 425 na kabureta mbili, hizo ndo zinatafutwa na bei yake iko juu, na watu wanabandika nembo ya GS ili wauze ghali. Yeye hakubandika chochote. Chini ya boneti ilikuwa ile ya kawaida, V8 ya 401, lita 6.6, nguvu farasi 325, kabureta moja, na lebo yake juu ya eyaklina Wildcat 445, hiyo 445 ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, sio ukubwa wa injini. Aliniambia mwenyewe kabla sijauliza.

Bei alitaka dola 21,000. Fundi akiwa bado chini ya gari akaniambia kwa Kiswahili, "Mdogo wangu usije ukamlalia huyu mzee kwa kutu, kutu hakuna hapa. Mlalie kwa matairi na breki." Matairi yalikuwa na nyufa pembeni, na gari za mwaka ule masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki, ina njia moja tu, paipu moja ya breki ikipasuka umekosa breki zote nne, na paipu za mpira zilikuwa za zamani zimekauka. Nikamweleza mzee hivyohivyo bila kuzunguka. Akainama akaangalia mwenyewe, akakubali, tukamalizana 19,500.

Mimi nilitaka kuiendesha mpaka Lansing siku ileile, nilikuwa nimeshashika funguo. Fundi akakataa katakata na mzee akamuunga mkono, akasema gari imekaa miaka yote hiyo bila kugongwa haiwezi kwenda kugongwa leo kwa ajili ya paipu. Ikabidi tuite brekdauni ya kubeba. Mzee alisimamia mwenyewe mikanda inavyofungwa, akamkataza dereva kuipitisha kwenye bampa, akasaini kadi ya gari juu ya boneti ya pikapu yetu, akatupa na kitabu cha maelekezo cha 1965 kikiwa bado kwenye bahasha yake.