Mji Mkongwe kwa mwendo wa Bi Mkubwa

Mara ya kwanza kuwatembeza wanangu Mji Mkongwe tulirudi tumenuniana. Nilitaka tumalize kila jengo asubuhi moja. Kufika saa sita mchana mdogo analia, mkubwa kajikalia katikati ya ujia anapigiwa honi na vespa, na baba yao kanyamaza ule unyamavu wake. Mwaka huu, likizo ya skuli, nilipovuka nao kutoka Wete, Pemba, nikamchukua na mama yangu, miaka 71, magoti mabovu. Jirani zangu wakasema najitafutia taabu. Kumbe magoti yale ndiyo yaliyotutengenezea siku.

Masharti yake yalikuwa mawili: hatembei juani, na akiona baraza anaketi. Basi nikaipanga safari kufuata kivuli. Asubuhi Darajani na Mkunazini, mchana tujifiche, jioni pwani. Kikapuni mwake alitia kanga ya kutandika, chupa ya chai na halua ya Wete, maana ya Unguja hataki hata kuitazama.

Tulifikia kwa kaka yangu Michenzani, kwa hiyo saa mbili asubuhi tulikuwa Darajani. Tukanunua vitumbua tukala tumesimama, tukiangalia watu wanaingia marikitini. Jengo lile ni la 1904. Watoto walichokishangaa ni jina. "Daraja liko wapi?" Bibi yao akawaonyesha barabara: hapa palikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa mji unabaki huku na ng'ambo inabaki kule. Maji yakafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Ndiyo maana mjomba wenu anakaa Ng'ambo na hamkupanda ngarawa kuja.

Mkunazini ni hatua chache kutoka hapo. Nilikuwa na wasiwasi napo, kwa sababu ndipo palipokuwa soko la watumwa, na mdogo ana miaka saba. Tulianza na kanisa la Anglikana la hapo, lililoanza kujengwa 1873, mwaka ule ule Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipolifunga soko hilo kwa shinikizo la Waingereza. Aliyetutembeza alituonyesha duara sakafuni, karibu na madhabahu, panaposemwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watu. Pia alituonyesha nguzo zilizosimamishwa juu chini. Mafundi walizikosea askofu alipokuwa safari. Watoto wakacheka, nami nikashukuru kupata cha kuchekea, kwa sababu nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni.

Hapo mkubwa akauliza, "Mama, waliowauza ni nani?" Nilishajitayarisha na jibu la skuli, Waarabu na misafara ya bara. Mama akanikatiza. "Na mikarafuu ya kwetu Pemba unadhani ililimwa na nani?" Akawaeleza taratibu, kaegemea mkongojo: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na kazi ya mashamba ikazidi kwetu. Soko likafungwa mwaka uliofuata, lakini waliokuwa mashambani waliendelea kuwa watumwa. Sheria haikuuondoa utumwa Unguja na Pemba hadi 1897. Mie nimezaliwa Pemba, nimesomea Pemba, na sijawahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Vyumbani chini, panaposemwa walifungiwa watumwa, niliteremka na mkubwa peke yake. Dari ni fupi, hewa nzito. Hatukukaa.

Chakula cha mchana tulikula huko huko Mkunazini, pilau na pweza wa nazi. Pweza alikuwa laini. Mama alisema kapikwa haraka, lakini sahani yake ilirudi nyeupe.

Kuanzia saa saba hadi karibu saa kumi hatukufanya kitu, na saa hizo ndizo ninazozikumbuka zaidi. Tulikalia baraza ya nyumba moja yenye mlango mkubwa wa nakshi, mnyororo umechongwa pembezoni, misumari ya shaba imejipanga. Watoto wakaihesabu wakagombana hesabu. Mwenye nyumba akasikia, akafungua. Nilidhani anatufukuza. Alipomwona mama akamwamkia, akatuingiza tukachukue udhu na kusali, kisha akatuletea juisi ya bungo. Mama naye akamkatia kipande cha halua. Wakaanza kutafutana ukoo, na kwa Wapemba jambo hilo halina mwisho. Mdogo alilala kwenye mkeka mpaka alasiri.

Ngome Kongwe tulipita tu, Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, tuliitazama kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020. Mkubwa alitaka kuiona lifti yake, nikamwambia labda siku nyingine.

Forodhani jua likizama ni raha, vijana wanajirusha baharini na watoto wangu wanapiga makofi. Kosa ni langu: niliagiza mishikaki minne ya pweza bila kuuliza bei. Kijana alipotaja hesabu nilidhani anazungumza na mzungu nyuma yangu. Mama akasogea na mkongojo wake. "Mwanangu, pweza huyu umemvua wapi, Muskati?" Bei ikashuka karibu nusu, naye kijana akatuongeza maji ya miwa bila kuombwa. Uliza kabla samaki hajawekwa motoni. Baadaye huna ujanja, labda uwe na mama kama wangu.

Yeye mwenyewe hakula chochote pale. Nikajua amechoka. Lakini tulipokaribia Michenzani akasimama ghafla mbele ya meza ya urojo, akanusa. Akala bakuli zima, kwa bajia, viazi, kachori na chatne ya nazi, bila kuilinganisha Pemba hata mara moja. Kisha akafungua kikapu, akatoa chupa ya chai, akamwaga iliyobaki kando ya barabara.

"Nijazie humu," akamwambia muuzaji. "Mwanangu wa kiume hajala."

Asubuhi yake tulikunywa chai yenye ndimu na manjano.