Hodi Iliyonikwama

Binti yangu anasomea usimamizi wa rasilimali watu, na juzi usiku aliniletea dodoso lenye vipengele 18 akanitaka nilijaze. Mtafiti wa usimamizi Gerald Ferris na wenzake walilichapisha mwaka 2005, nalo hupima ustadi wa siasa za kazini kwa mambo manne: kuwasoma watu, kuwashawishi, kujuana na wanaoweza kukufaa, na kuaminika machoni pao. Nilijipa alama za juu, tena kwa haki. Akanitazama. "Sasa Baba, mbona wale vibarua hawakupata mikataba?"

Dokezo la kuwaombea mikataba vibarua tisa wa bohari lilikuwa limekwisha kupita masjala, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Nilijua fika kwamba mhasibu mkuu asipoonwa faragha kabla ya kikao angelipinga, si kwa roho mbaya, bali kwa kuwa hakupenda jambo la fedha alisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Jioni ile nilisimama mlangoni kwake, jalada kwapani. Ndani, kijiko kiligonga kikombe mara mbili, kisha kikatulia, na harufu ya chai ya tangawizi ikanifikia. Niliinua mkono. Nilijua hata namna nitakavyoanza: nitaulizia kwanza mguu wake uliokuwa ukimsumbua, kisha nitamwachia yeye mwenyewe alifikie wazo hilo. Hapo moyo ukaniambia kwamba huko ni kujikomba, na kwamba haki ya watu haiombwi vichochoroni. Nikashusha mkono, nikaenda zangu.

Kesho yake dokezo lilianguka kwa sentensi moja: "Bajeti hairuhusu." Jioni mmoja wa vibarua, mtu mzima kunishinda, alinisubiri getini. "Tumefikia wapi, bosi?" Nilimjibu kwamba wamekataa, kana kwamba mimi simo.

Mwaka 1983 mtaalamu wa usimamizi Henry Mintzberg aliandika kwamba katika siasa za taasisi ustadi hautoshi bila nia. Dodoso la binti yangu linapima ustadi tu. Kama lililonipungukia jioni ile ni nia, au kama nilikuwa na haki ya kuona haya, sijaamua hadi leo, ingawa najua ni nani waliolipia haya hiyo.

Nilipomaliza kumsimulia, aliniuliza kama mhasibu alijua kuwa nipo pale mlangoni. Nadhani alijua, maana kile kijiko hakikusikika tena mpaka nilipofika mwisho wa korido.