Mbuzi wa yeyo na kondoo wa Mojave

Nilipomwambia yeyo, yaani mama yangu, kwamba nimepata ufadhili wa kwenda Marekani kusomea kondoo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hapa hukuwaona?" Nimechunga tangu darasa la pili, nyumbani upande wa Magadi, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mbuzi, wawili watatu kila muhula wakipelekwa mnadani. Nikamweleza kuwa hawa ni kondoo wa mwituni, wenye pembe kubwa zilizojikunja, wanaoishi kwenye milima ya jangwa la Mojave huko California. Hawana boma wala mchungaji.

"Mwenyewe ni nani?"

"Hawana mwenyewe, yeyo."

"Basi wakiugua nani anajua?"

Niko mwaka wa tatu wa uzamivu sasa, na bado sijapata njia bora ya kuieleza kazi yangu kuliko swali hilo.

Kiangazi hapa joto hupita nyuzi 40, na mawe yanachoma hata kupitia soli ya buti. Kondoo hawa hukaa kwenye majabali ambayo sisi tunayapanda kwa mikono na magoti. Maji yakipungua, huvunja dungusi kwa pembe na kwato wakala ile nyama ya ndani yenye unyevu. Mimi huamka saa kumi alfajiri, napanda kabla jua halijawa kali, nakaa na darubini juu ya kisima, nahesabu. Wakishaondoka nashuka kuokota vinyesi vyao na kuvitia kwenye bahasha moja moja. Ndani ya vile vidonge vikavu tunapata vinasaba vya mnyama na hata homoni zinazoonyesha kama jike ana mimba, bila kumkamata wala kumtisha. Nawapenda sana wanyama hawa. Jike mwenye mtoto wa siku tatu humpitisha kwenye ukingo ambao mimi nisingethubutu kuweka mguu, na mtoto anafuata tu, anaruka.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, kamera tuliyoificha kisimani ilinasa mwanakondoo amesimama nyuma ya mama yake. Shingo ameinyoosha mbele, miguu ya mbele ameitanua, pua inatoka ute. Akakohoa mara nne. Nilijua kabla msimamizi wangu hajaja kuangalia. Usiku ule nilimtumia yeyo ile video bila maelezo yoyote, naye akanijibu kwa sauti, neno moja: "Olkipiei."

Olkipiei ni mapafu kwa Kimaasai, na ndilo jina la homa ya mapafu pia. Iliingia bomani kwetu nikiwa darasa la sita. Mbuzi walisimama vilevile, shingo mbele, wakikoroma. Kijidudu kinachoua mbuzi kwetu kilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1976. Hiki cha Mojave ni cha ukoo huohuo, mikoplazma, bakteria wadogo sana, ila si kilekile. Huharibu vile vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa, kisha bakteria wengine wanateremka mapafuni bila kizuizi. Mwezi Mei mwaka 2013 kondoo walianza kuokotwa wamekufa pale Old Dad Peak, mlima mmoja wa Mojave, na ugonjwa ukaonekana kwenye milima mingine ya jirani. Wakubwa wanaopona, baadhi yao hubaki na kijidudu puani. Jike wa namna hiyo huzaa vizuri, hunyonyesha vizuri, na mara nyingi mtoto anakufa kabla ya miezi mitatu. Mwaka unaofuata tena. Chanjo inayofaa haipo.

Na chanzo chake ni mbuzi na kondoo wa kufugwa, ambao wamekizoea na mara nyingi hukibeba bila hata kukohoa. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka mara mbili. Kwenye mikutano nasikia mbuzi akitajwa kama sumu, na mimi nimesoma kwa jasho la mbuzi.

Basi tulikwenda kwa mzee mmoja anayeishi pembeni mwa jangwa, mstaafu, mjane, mwenye mbuzi tisa. Alitupokea amesimama getini, mikono kifuani, akidhani tumekuja kumnyang'anya. Nilimwomba kwanza nione mbuzi wake. Nikawashika kwato, nikatazama ufizi, nikamwambia yule wa kahawia ana kwato zilizozidi, zinahitaji kukatwa. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Tuliongea saa nzima habari za mbuzi tu. Ndipo nikamwonyesha video ya mwanakondoo. Aliitazama mara mbili, akasema tuwapanguse mbuzi pua kwa pamba, tuchukue sampuli zote tunazotaka. Majibu yalirudi: baadhi ya mbuzi wake wanacho kijidudu. Hakukuwa na sheria ya kumlazimisha kufanya lolote. Jumamosi mbili nilichimba naye mashimo ya nguzo, tukaweka uzio wa pili nje ya ule wa kwanza, mbuzi na kondoo wasigusane pua hata siku moja.

Barabara kuu ndizo zinazonisumbua akili zaidi. Ile ya 15 na ya 40 zimeikata milima vipande vipande. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa makundi yaliyotengwa nazo yamepoteza hadi asilimia 15 ya utofauti wa vinasaba, na hiyo ni kwa miaka 40 hivi tu. Tukiwajengea madaraja wachanganyike, damu mpya itaingia, na ugonjwa nao unaweza kupita humohumo. Mimi nasema wajengewe, lakini uzio wa wafugaji utangulie.

Januari niliendesha gari hadi hifadhi ya Kofa, Arizona, kuwaona waliozaa mapema. Hifadhi ile ilitengwa mwaka 1939 baada ya vijana wa skauti kuwapigania kondoo hao, wakihamasishwa na Mmarekani Frederick Russell Burnham. Jina hilo nililisoma pale nikaganda. Ndiye aliyeongoza msafara wa kutafuta madini Kenya kati ya 1902 na 1904, akaliripoti ziwa letu la magadi kwa waliomtuma. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na ikachukuliwa. Nililia ndani ya gari, na sioni aibu kulisema. Wanyama walipata mtetezi. Babu zangu hawakumpata.

Yeyo hunipigia kila Jumapili, kwake jioni, kwangu asubuhi. Huuliza kama nimekula, kisha huuliza habari za yule mwanakondoo. Mama yake bado anakuja kisimani, namjua kwa ncha ya pembe ya kushoto iliyovunjika. Huja peke yake.