Pemba au Ukerewe? Tumbo liliamua

Jamani mimi kuvua napenda ila likizo hii ilinipa shida kweli, wife anataka kisiwa, mi nataka samaki, sasa twende Pemba au Ukerewe? Pemba mkondo wake una kina cha mamia ya mita, jodari wapo, sulisuli wapo, ila boti ya kukodi ina bei yake na ukienda wakati upepo wa kusi unavuma utajuta. Mi nalewa bahari vibaya, safari moja nje ya Mafia nilikumbatia ndoo masaa manne, wenzangu wanavuta nguru 😂

Basi tukachagua Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, tukapanda meli Mwanza mpaka Nansio, mji wake. Alfajiri mtumbwini na mzee mmoja, mshipi wa mkono, chambo furu (kasamaka kadogo ka ziwani) mzima bado anarukaruka. Nikasikia kitu kimevuta, kumbe sangara, mshipi ukanikata kidole cha shahada mpaka leo kina alama. Alikua kama kilo sita hivi, mzee ananiambia "legeza kwanza mwanangu, usishindane nae".

Mawimbi ya ziwa nayo yapo msidanganyike, mchana upepo ukianza tulirudi fasta. Jioni wife kala sato, sangara wangu hata hakumgusa.