Wasichana kwenye piano: gauni jeupe limekubali

Limekubali, baada ya kukwanguliwa mara tatu. Ni nakala ninayoichora kwa rangi za mafuta, ya mchoro wa Renoir, Mfaransa, wa 1892, ule ulioko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris: sm 116 kwa 90 wenyewe, nakala nusu kamili, sm 58 kwa 45, miraba ya kunakilia ya sm 5. Piano, vinara na pazia la kijani vilikwenda bila shida. Kilichogoma ni gauni la binti aliyeketi.

Kila tabaka likikauka, kitambaa kiligeuka chaki. Kuongeza buluu kwenye vivuli kukazidisha ubaya: gauni likawa bati. Kumbe tatizo ni tyubu ya rangi nyeupe. Renoir alitumia nyeupe ya risasi, inayopitisha mwanga kidogo na yenye ujoto. Nyeupe ya titani, ambayo 1892 haikuwa imeingia madukani, hufunika kila kitu na kupoza kila rangi inayochanganywa nayo.

Risasi ni sumu, hasa vumbi lake likipigwa msasa, kwa hiyo titani imebaki. Ila sasa sehemu 20 za titani hupata 1 ya manjano ya udongo na tone la mafuta ya kitani. Vivuli ni buluu ya kobalti na wekundu wa mada (madder, rangi ya mzizi wa mmea), vikipakwa vyembamba, tabaka la chini lionekane. Titani tupu imewekwa begani na kwenye mkono wa gauni tu. Ikisambaa zaidi ya hapo, chaki inarudi.

Siku tano kati ya tabaka na tabaka, na la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo nyufa. Brashi ni ya manyoya ya nguruwe, namba 6. Za sintetiki hulainisha mno. Gauni hili linataka alama ndefu za brashi zinazofuata mikunjo. Na taa nyeupe za LED ni waongo: rangi ikaguliwe dirishani, asubuhi.

Mabinti wote wawili wanatazama nota, hakuna anayetutazama sisi. Jicho la mtazamaji linaangukia gaunini, ndiyo maana kosa dogo pale linapiga kelele.

Zamu ilikuwa ya nywele. Zimeahirishwa. Toleo lingine la Renoir, lililoko makumbusho ya Orangerie, Paris, lina mabinti walewale, lakini nyuma yao karibu hakujachorwa kitu, na mpangilio wa tabaka unaonekana waziwazi. Turubai la pili, la kunakili toleo hilo, limeshapakwa gundi.