Nilivyorudi kwenye turubai baada ya kupoteza uoni

Presha ya macho iliponimalizia nuru iliyobaki, washauri walijaa. Mmoja akaniambia nihamie kwenye ufinyanzi, eti kuchora ni kazi ya macho. Mwingine, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Wewe paka tu, moyo utakuongoza." Moyo wangu haujawahi kujua kona ya turubai iko wapi! Nilichohitaji ni mambo mawili: kujua umbo linaishia wapi, na kujua kidole kimegusa rangi gani.

Nilianza na umbo, na hapo nikajifanya mjanja kwa uzi wa kushonea. Nilipaka gundi, nikaulaza uzi juu yake kufuata uso wa mzee niliyekuwa namkumbuka vizuri. Paji la uso likakubali, kidevu kikakubali. Kufika puani, gundi ikanishika kidole, kidole kikaondoka na uzi, nami kwa kiburi nikaendelea kubandika nikidhani bado niko palepale. Mpwa wangu akaja, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, huyu babu ana pua mbili?" Nikamjibu ya pili ni sikio. Akasema masikio tayari yapo.

Uzi nikautupa. Siku hizi natumia rangi ya vitambaa, ile inayokauka ikabaki imetuna, nikiiminya kutoka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Mkono mmoja unachora, mwingine unafuata nyuma bila kugusa mstari mbichi. Naiacha ilale usiku kucha. Asubuhi nina tuta dogo ambalo kidole hakiwezi kulikosa. Sehemu zisizoruhusu kosa, kama pembe za macho, nabandika kwanza vidonge vya gundi laini ya kubandulika. Mwingereza Sargy Mann, aliyepofuka kabisa mwaka 2005, alitumia gundi ya aina hiyo kuweka alama kwenye turubai zake.

Kwenye rangi ndiko nilikopata raha. John Bramblitt, mchoraji wa Texas aliyepoteza uoni mwaka 2001, huzitambua rangi za mafuta kwa uzito wake: nyeupe nzito kama dawa ya meno, nyeusi nyepesi ya kuteleza. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu. Nyeusi yangu naizimua kwa mafuta ya kitani, nyeupe naiacha ilivyo, nyekundu naitia unga laini wa marumaru ikwaruze kidogo. Utamu unakuja kwenye kuchanganya: nikitaka kijivu, nasugua nyeupe na nyeusi kati ya vidole mpaka uzito ufike katikati, na najua nimefika bila kumuuliza mtu. Naona fahari kusema hivyo, na sitaomba radhi.

Eşref Armağan wa Uturuki, aliyezaliwa mwaka 1953 na hajawahi kuona, ana njia yake: hupaka rangi za akriliki kwa vidole na kusubiri rangi moja ikauke kabla ya kuleta nyingine, zisichafuane. Nilijaribu. Uvumilivu huo sinao.

Ukitumia vidole, vaa glavu nyembamba zinazobana, maana baadhi ya rangi zina metali zenye sumu, kadimiamu au risasi. Glavu nene ni hasara tupu. Vifaa vyenyewe havifilisi mtu. Rangi ndiyo hula pesa, na marumaru ya unga inakaa muda mrefu.

Halafu kuna meza. Mirija yangu ya rangi ina lebo za nukta nundu, lebo huteleza kwa mafuta, kwa hiyo ninachokiamini hasa ni mpangilio: nyeupe kushoto, nyeusi kulia, haibadiliki. Hata Monet, yule mchoraji Mfaransa, mtoto wa jicho alipomsumbua, alitegemea lebo na mpangilio wa rangi usiobadilika. Juzi mgeni mwenye roho nzuri alinipangia mirija kwa ukubwa, "ipendeze." Nilipaka majani ya mwembe kwa buluu, na aliyeinunua picha akasifu ujasiri wangu. Pesa nilipokea. Lakini anayetaka kunisaidia aoshe brashi, meza aniachie.