Waetruski hawakuja na meli

Ndugu mnaoishi Roma, mgeni akija kutoka nyumbani msiishie kumpeleka Colosseum. Kabla Roma haijawa na nguvu, nchi kati ya mito Arno na Tiber ilikuwa ya Waetruski, na asili yao imebishaniwa tangu zamani. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, aliandika kwamba walihama Lydia, katika Uturuki ya leo, wakikimbia njaa. Dionysius wa Halicarnassus, mwanahistoria Mgiriki wa baadaye, akakataa, akasema ni wenyeji. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2021, uliopima mabaki ya watu 82, umeegemea kwa Dionysius: Waetruski hawatofautiani na majirani zao Walatini. Cha pekee ni lugha, isiyo na undugu na Kilatini wala Kigiriki. Herufi zake tunazisoma bila taabu. Maana ndiyo inayogoma.

Wengi walidhani Waetruski walitoka mashariki, wakipotoshwa na dhahabu na pembe za ndovu za mashariki zilizojaa makaburini mwao katika karne ya 7 KK. Lakini mali husafiri bila watu kuhama, na Waetruski walikuwa na shaba na chuma cha kubadilishana.

Tena walikuwa na ufundi wao. Tazameni bucchero, vyungu vyeusi hadi ndani ya udongo. Havikupakwa rangi. Chungu kilikaushwa kidogo, kikasuguliwa mpaka king'ae, kikachomwa katika tanuri lililozibwa matundu. Moto uliokosa hewa huvuta oksijeni kutoka kwenye udongo, na chuma kilichomo, ambacho kingeupa wekundu, huugeuza mweusi. Hewa ikipenya tanuri likiwa bado na moto, chungu hutoka na mabaka ya kahawia.

Anzeni na makumbusho ya Villa Giulia, yenye mabamba ya dhahabu ya Pyrgi, bandari ya kale ya mji wa Cerveteri, yaliyofukuliwa mwaka 1964: mawili kwa Kietruski, moja kwa Kifoinike, yote yakihusu mfalme Thefarie Velianas wa Cerveteri. Kwa kuwa Kifoinike kinaeleweka, ni msaada mkubwa kwa wanaochambua Kietruski. Siku nyingine pandeni treni ya kuelekea Civitavecchia, mshuke Ladispoli-Cerveteri, kisha basi hadi mjini. Makaburi ya Banditaccia yako nje kidogo. Yamechongwa kama nyumba ndani ya mwamba laini wa volkano. Msikose Tomba dei Rilievi (Kaburi la Michongo), ambako kuta na nguzo zina sanamu za vitu vya nyumbani: mito ya kulalia, kamba, visu, vyombo vya jikoni. Vaeni viatu vyenye soli ya kushika, maana mvua ikinyesha ngazi huteleza. Jumatatu msiende kabla ya kuhakikisha kuwa pamefunguliwa.